Mfupa Ana Miaka Sitini na Mitatu

Jumanne, 1 Julai 2025

Grupu letu la mtandaoni limewaka tena! Wapenzi wa Ngome, watu kumi na tisa wa Mbeya na Iringa, na leo sidhani kama kuna aliyefanya kazi. Gwakisa wa Mbeya kaanza asubuhi na mapema: mchezo wa Ngome, toleo la Tano ndiyo bora, ina rangi, ina hadithi, wanaong'ang'ania ya Tatu wanapenda utoto wao tu. Nikamjibu ya Tano ni keki ya harusi – nje maua, ndani sponji. Akarudi: wewe dogo Mfupa, ya Tatu inatoka hata hujazaliwa, nyamaza wakubwa waongee.

Nimecheka mpaka Komal kaacha wateja kaunta kuja kuona baba yake ana nini. Dogo! Ya Tatu nilinunua mwenyewe CD yake, Dar, mwaka 2001, nikiwa na miaka thelathini na tisa. Tangu hapo nachezesha jeshi la mifupa, ndiyo maana ya jina langu la grupu. Komal hakuelewa kitu. Nikamweleza: mchezo wa kompyuta, unajenga ngome, unaajiri majoka au malaika au mifupa, mnapigana zamu kwa zamu. Akasema sawa Papa, akarudi kuuza misumari.

Ya Sita hatuizungumzii. Hapo grupu zima ni kitu kimoja.

Alhamisi, 3 Julai

Balaa. Verediana, admin wetu, katangaza: Saba Saba tukutane kwake Mafinga, tucheze pamoja, halafu tupige kura ipi bora kuliko zote. Asiyekuja hapigi kura. Gwakisa kaandika kwamba Mfupa lazima aje, anataka kumvuta masikio.

Nimeuza bawaba kutwa nzima bila kujua namuuzia nani.

Komal kaniuliza naogopa nini, wale si wezi. Nikamwambia: wataniamkia. Akashangaa – Papa, unaogopa shikamoo? Ndiyo, naogopa! Wakishaniamkia imekwisha. Nani atabishana na mzee? Itakuwa ndiyo mzee, kweli mzee, karibu kiti mzee. Tangu mke wangu Shobha afariki, miaka miwili sasa, mji mzima unaniongelesha taratibu. Majirani, wateja, Komal mwenyewe. Shobha alikuwa ananiambia nimekosea mara tatu kabla ya chai. Sasa amebaki Gwakisa peke yake, na ni kwa sababu hanijui.

Jumamosi, 5 Julai

Siendi. Nitasema naumwa.

Jioni – nimeangalia majina ya wanaokwenda. Watu sita, na hakuna hata mmoja anayeshabikia ya Tatu. Siwezi kuiacha hivyo. Naenda.

Jumatatu, 7 Julai. Saba Saba

Niko Mafinga, barazani kwa Verediana. Baridi kali, harufu ya mbao mbichi. Naandika haraka.

Ilikuwa kama nilivyoogopa. Nilisema mimi ndiye Mfupa. Gwakisa, kijana mrefu, fundi wa simu, akasimama wima kama yuko paredi. Shikamoo mzee. Wote wakafuata. Marahaba, marahaba, marahaba, na kila nilipoitikia moyo ulizidi kushuka. Nikapewa kiti chenye mto. Gwakisa akaomba radhi kwa lile neno dogo. Nikamchokoza makusudi, nikasema ya Tano ni takataka. Akasema kweli mzee, ina kasoro zake.

Kasoro zake! Gwakisa!

Nikajaribu uongo. Nikasema bora kuliko zote ni ya Saba, ile mpya, inayokuonyesha pa kwenda kila hatua, na ukishindwa inakubembeleza urudie. Naichukia kama kwinini. Wakatikisa vichwa wote kukubali: kweli mzee. Nilitaka kulia. Nikatazama funguo za gari.

Tukaanza kucheza, kompyuta moja, zamu kwa zamu. Jeshi la Gwakisa likafika mlangoni kwangu, likageuka. Eti anapita tu.

Ndipo Verediana, aliyekuwa jikoni na makande yake muda wote, akafuta mikono, akakaa. Zamu mbili akasogeza jeshi lake. Zamu ya tatu akasema: samahani mzee wangu, mlango umeacha wazi, ngome naichukua. Akaichukua! Mifupa yangu mia mbili na arobaini – chali. Watu wakanitazama. Nikasema umebahatisha. Akasema hapana mzee, sijabahatisha, umecheza vibaya.

Umecheza vibaya! Nimecheka mpaka machozi. Gwakisa naye uvumilivu ukamwisha: tena vibaya sana, na ya Tano si takataka, na kuhusu ya Tatu mzee ni mbishi tu. Nikampa zangu, akanipa zake, hadi jirani kachungulia dirishani. Bado ananiita mzee. Kila tusi linaanza na samahani. Sawa tu! Mwili umelegea kama nimetua gunia la saruji. Sikujua nimelibeba muda wote huo.

Kura bado. Nimebaki na ngome moja na majoka mawili ya mifupa, na zamu ni yangu. Naiona njia ya kumfikia Gwakisa. Nikikosea, nimekwisha. Nimetoka kidogo nivute hewa na kuandika haya, naye huko ndani anatangaza kwa sauti, makusudi nisikie, kwamba mzee kakimbia vita.

Nimekimbia? Mimi? Haya, ngoja –