Kitabu cha Maziko

Kaka,

Huku hatujambo. Paa la kanisa limezibwa, na shangazi bado anakusifu kwa kuja kuandika historia ya parokia yetu. Kwangu sifa hizo huzipati. Benki yenu unakofanya kazi, yenye matawi nchi kumi na saba, imetuandikia eti nyuma ya kanisa hakuna makaburi, kwa hiyo inajenga ghorofa. Nikafungua kitabu cha maziko ulichoazima: kurasa tatu umezichana.

Ulisahau kwamba baba, enzi za ukatekista wake, alimwandika kila marehemu katika vitabu viwili, na cha pili kiko kwa askofu. Nimekisoma. Ukurasa wa kwanza uliouchana ni wa mama.

Tutaonana mahakamani. Nyumbani usikanyage.

Mimi dada yako, niliyekupa ufunguo wa kabati.