Mkono wa Kushoto Ndani ya Lifti

Jumatatu, 4 Septemba

Rafiki yangu Poku kaingia majini leo! Nimemvalisha mwenyewe kaptula yangu ya Dubai, ile yenye minanasi. Imempwaya. Tangu kiharusi kimpige upande wa kulia amebaki mifupa na macho. Na ulimi — ulimi ule uliokuwa ukiuza injini zilizokufa soko zima la vipuri la Abossey Okai — nao umelala.

Daktari alisema maji ya uvuguvugu ndiyo yatamsimamisha, ila hospitali yao haina bwawa. Nikamwambia, dokta, bwawa? Mimi nalala juu ya mabwawa! Ghorofa ya ishirini na mbili, Accra yote iko chini ya kitanda changu. Kuna jimu, sauna, chumba cha mvuke, chumba cha kukandwa, hata chumba cha kunyamaza. Naam, watu wanalipia kunyamaza! Kwetu Kumasi ukinyamaza wanakutafutia mganga.

Sitsofe, dada wa mazoezi ya majini, kampokea vizuri. "Mjomba, niachie mwili wako, maji yatakubeba." Poku akaelea. Akacheka kwa pembe moja ya mdomo. Mimi nikajifanya dawa ya bwawa imeniingia machoni.

Jumanne, 5 Septemba

Kapiga hatua kwa mguu wa kulia! Ndani ya maji, kashika ukingo, lakini hatua ni hatua. Sitsofe anasema asikose hata siku moja, mguu ukianza kuamka usiuache usinzie tena.

Nimekula kenkey, donge letu la unga wa mahindi uliochachuka, na samaki kwa furaha, nikaongeza. Mke wangu Serwaa: mgonjwa ni Poku, kunenepa unanenepa wewe. Mwanamke huyu!

Jumatano, 6 Septemba

Balaa.

Tulikuwa watatu kwenye lifti. Mimi, Poku, na Jaji Dodoo wa ghorofa ya thelathini — mstaafu, mwenyekiti wa kamati ya wakazi, kofia ya plastiki ya kuogelea kichwani, taulo shingoni limekunjwa kama kitambaa cha madhabahuni. Simu ikalia, watu wa kontena. Nikageuka nikaongea kwa sauti, labda kubwa kuliko ilivyohitajika, Jaji naye asikie kwamba nina kontena. Kugeuka tena — Poku kamnyooshea mzee mkono. Wa kushoto!

Mkono huo kwetu ni tusi. Ikibidi kuutoa unatanguliza "sebe", niwie radhi, basi yameisha. Lakini sebe inataka ulimi. Poku wa watu kajitahidi, jasho likamtoka, kikaja "sss... sss..." tu.

Sasa mtu wa Accra ukimwita kwa sss, umemfanya muuza maji ya pakiti barabarani. Jaji kavimba. "Bwana Nsiah! Mgeni wako ananiita kwa sss, na kushoto juu?" Mlango ulipofunguka akatoka. Ghorofa si yake hata! Ukajifunga nikiwa bado na simu sikioni.

Jioni mapokezi wamepiga: kamati inasema mgeni wangu asishuke bwawani mpaka waelezwe.

Alhamisi, 7 Septemba

Radhi haiombwi kwa mdomo wako mwenyewe, unatanguliza mtu. Nikamtanguliza Serwaa, tukapanda kwa Jaji. Kwanza akanionya: usitaje kontena, usitaje Dubai, kaa. Nikakaa. Nimekuwa mdogo kama piritoni.

Serwaa akaeleza. Jaji akasikiliza akitazama chai yake.

"Sasa kwa nini hakuse—"

Akajikatiza mwenyewe. Tukakaa kimya muda mrefu, bure, bila kulipia. Kisha akauliza, anakuja tena lini? Nikasema kesho, Mheshimiwa! Akasema nisimwite Mheshimiwa, sifa si barabara ya kupitia kwake. Sikuelewa. Nilicheka hata hivyo.

Nikashuka nikipiga mluzi. Mapokezi wamefungua njia. Yamekwisha.

Ijumaa, 8 Septemba

Hayajaisha. Poku hataki.

Nimemkuta nyumbani kwake kalala uso ukutani. Mkono wa kulia umekufa, na ule wa kushoto, mzima, kauzika mfukoni mwa suruali. Mkewe anasema tangu juzi hautoi. Hata kula analishwa. Majirani wakiingia anafumba macho asisalimiwe.

Nikamchokoza. "Poku! Wewe uliyemuuzia polisi gari lake mwenyewe, leo unamwogopa mzee mwenye kofia ya plastiki kichwani?" Hata pembe ya mdomo haikusogea.

Nikampigia Sitsofe. Anasema mguu unasinzia sasa hivi tunavyoongea.

Sina mzaha leo. Nimeutafuta.

Jumamosi, 9 Septemba

Naandikia hapa hapa kwenye benchi, kaptula inachuruzika.

Nimemleta! Nilimwambia mkewe tunampeleka kunyoa. Kumbe Poku alijua, njia nzima ananikodolea, lakini kwenye gari alipanda mwenyewe. Kisebusebu na kiroho papo. Nikamvisha minanasi yake. Mkono mfukoni — kaptula nayo ina mfuko, laana ya Dubai.

Kuchungulia bwawani: Jaji Dodoo, peke yake majini, kofia ya plastiki na yote. Poku akarudi chumba cha kubadilishia akiburuta mguu, akasukuma mlango kwa bega, akaufunga kwa mgongo. Nikaingia majini, nikamwita, nikarusha maji kama kiboko. Hola. "Poku, toka, nitazama huku!" Sitsofe akaona haya kwa niaba yangu.

Jaji akatoka majini. Akauendea mlango ule. Akagonga, akasubiri kama mtu aliyekuja kuposa, akagonga tena. Mlango ukaachia kidogo. Akaingia, maji yanamtiririka.

Nimesogea kusikiliza. Anaongea Kitwi, lugha yetu ya Kumasi! Kitwi cha Mga, mwenyeji wa Accra, aliyesomea Uingereza, kibovu hakina mfano. Alitaka kusema maji yana joto zuri, kasema maji yana homa. Anarudia, anazidi kuharibu. Sasa bwawa ni mgonjwa na anatusalimu sote.

Nimebandika sikio mlangoni. Nimeacha hata kujikuna.

Kicheko! Cha pembe moja ya mdomo, nakijua hata gizani. Na cha Jaji juu yake, mzee anacheka kama pampu mbovu.

Mlango haujafunguka. Sitsofe ananinong'oneza, kwa kuwa wanachelewa, apunguze moto wa maji au auache?

Namwambia, dada, usiguse kitu.