Chui Aliyeshuka na Waya Mguuni

Kambini mlimani, juu ya msitu wa mianzi
Jumanne

Kwa kaka yangu Mutwiri,

Habari za huko Githongo? Natumaini nyote mko wazima, na kifua cha Mama kimetulia. Mimi sina ugonjwa, ila naandika kwa haraka, kwa hivyo univumilie kwa mwandiko huu.

Unajua kazi yangu huku ni kuhesabu pimbi kwenye mawe. Mwaka huu baridi imeua wengi, na tai wamebeba wale wadogo. Chui aliyekuwa akiwawinda alikosa chakula, akashuka msituni kutafuta paa. Mzee Njeru, yule Mwembu ninayefanya kazi naye, ndiye aliyeona nyayo zake zikiteremka. Tukazifuata.

Jana asubuhi kulikuwa na ukungu, hatukumwona mpaka tulipomkaribia kabisa. Alikuwa amelala kando ya njia. Mguu wake wa mbele ulikuwa na waya ulioingia hadi kwenye mfupa. Alikuwa ameng'oa mtego na kutembea nao. Aliposimama, nikageuka nikimbie.

"Karimi, usikimbie," Mzee Njeru akaniambia polepole. "Ukikimbia, atakuona paa."

Tulirudi kinyumenyume huku akinguruma. Nilijikojolea, kaka, sikufichi. Mwishowe akachechemea kuelekea chini, upande wa kwetu.

Karibu na hapo tukakuta mahali aliponaswa. Palikuwa na mitego mingine, yote imefungwa kwa lile fundo ambalo Baba alitufundisha, la kufungia ng'ombe.

"Unajua hii ni kazi ya nani?" Mzee Njeru akauliza.

Nikasema sijui.

Mutwiri, najua kahawa haikuzaa na watoto wanataka nyama. Lakini wale paa ndio chakula cha chui. Sasa paa umewamaliza, na yeye hana mguu wa kukimbiza mnyama yeyote. Atakamata kile kisichoweza kumtoroka: mbuzi wa Mama, ama binti yako Kanana akipita kando ya msitu kwenda shule. Tangu jana nikifumba macho namwona Kanana kwenye ile njia.

Mpeleke shule wewe mwenyewe. Mbuzi wasitoke zizini. Askari wa wanyamapori wameshaambiwa habari za chui na wanamtafuta, lakini hawajui mitego mingine iko wapi. Wewe unajua. Nenda kituoni ukawaonyeshe.

Barua hii naipa mpagazi anayeshuka leo, utaipata kesho. Nitangoja hadi Ijumaa. Kama hutakuwa umeenda, nitawatajia jina lako.

Nisalimie Mama, mke wako, na shangazi yetu anayeimba kwaya. Mwambie Kanana nampenda.

Ni mimi dada yako, ninayewaogopea,
Karimi