Jicho la Kifaru

Baba watoto,

Tuko wazima. Mwanao ameota jino, na mimi usingizi umenikimbia. Jana nilipita naye karakana ya rafiki yako anayeunda sanamu za wanyama kwa vyuma vya magari. Kuna kifaru kipya. Mgongo wake ni boneti ya bluu, na jicho ni taa yenye ule ufa niliouziba kwa rangi ya kucha.

“Umevitoa wapi hivi?”

“Shemeji, mimi nanunua vyuma chakavu, siulizi vilimbeba nani.”

Nawe juzi uliniandikia kwamba gari letu linakufikisha kazini bila shida. Gari lipi? Na kazi ipi?

Usinijibu kwa barua. Njoo nyumbani, hata kwa miguu, uniambie nikikutazama.

Mkeo, ambaye bado anakungoja