Mtaro wa Uwesu

Mtendeni, Tabora

Mdogo wangu Najiat,

Asali uliyonitumia kutoka Kigwa imefika. Ni tamu, ingawa naila peke yangu.

Gazeti bado nalisoma barazani baada ya alasiri, kwa sauti, kama zamani. Juzi mwandishi wa maoni kasema kila raia asafishe mtaro ulio mbele ya nyumba yake, asingoje manispaa. Nakubaliana naye. Jirani yangu Uwesu, fundi viatu, angempinga. Unakumbuka alivyokuwa akiniambia: "Usinizolee taka, Twalibu. Ukinizolea, hao tunaowalipa kodi watalala." Basi kila Jumamosi ya usafi nilizoa mpaka mpakani nikaishia hapo, tukakaa kubishana hadi kahawa ikapoa.

Tangu tumzike, nikisoma hakuna anayenijibu. Majirani wana simu zao.

Jumamosi iliyopita nilipofika mpakani sikusimama. Niliuzoa mtaro wake wote mpaka mlangoni, polepole, nikimsubiri anikataze.

Wasalimie wanao. Ukipata nafasi panda treni uje, hata kama hupendi magazeti.

Ni mimi kaka yako,
Twalibu