Bagika, Bagalu na Wabishi Wangu Wawili

Somanda,
Bariadi.
7 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Masunga,

Mwangaluka! Habari za Tunduru? Mgongo wa wifi yangu Lukresia umepata nafuu? Sisi wazima na pamba imeshauzwa, ila kichwa changu kimechoka. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi. Mwanao Milembe hakuokota tabia hiyo barabarani.

Nilipokuambia namrudisha kwako, hukungoja sababu. Sababu ni ngoma! Niliwapeleka yeye na mwanangu Elia kule Migato kutazama makundi ya Bagika na Bagalu yakishindana kucheza. Unajua mwenyewe, kundi lenye watazamaji wengi ndilo linaloshinda. Elia akasimama kwa Bagika, Milembe kwa Bagalu. Kila mmoja akazungukwa na umati, akarudi anaapa kwamba upande wake ndio umeshinda. Wiki nzima hawakusemezana. Hata chumvi waliombana kupitia kwangu, na wamekaa mkeka mmoja!

Nikajifanya mwerevu. Nikaamuru kila mmoja autetee upande wa mwenzake mpaka auelewe. Weee! Wametetea mpaka wamehama. Sasa Elia ni wa Bagalu, Milembe ni wa Bagika, na kelele ni zilezile. Jirani yangu Mwanne alicheka hadi akakaa chini. Mimi nilitaka kulia.

Halafu Milembe akamwita Elia mjinga mbele ya wageni, na Elia akamwambia arudi kwao. Hapo nikaishiwa. Nikasema haya, atarudi kweli, nikamkatia tiketi ya mwisho wa mwezi.

Jana wakaja wote wawili, wakaniamkia kwanza. Elia akasema, "Mama, samahani, tumekusikia, lakini hatukubaliani na wewe." Mkono uliniwasha, mdogo wangu. Lakini kusikilizana kwanza na kubishana kwa adabu si ndicho nilichokuwa nawahubiria kila siku? Nikameza hasira, nikauliza kwa nini.

"Milembe akiondoka, mimi nitabishana na nani?"

Tiketi nimeirudisha, kwa hiyo usiende stendi.

Nisalimie Lukresia na watoto, na mzee Paschal usimsahau. Mungu awape afya njema huko, na mimi anijalie uvumilivu.

Dada yako anayekupenda hata akiwa amekasirika,
Mektilda