Upande wa Pili wa Barua

Tarehe 3 Machi

Mama,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Mimi sijambo, ila nimechoka hadi kope. Kutwa napima watoto hapa kliniki ya lishe na kuwauliza mama zao wamekula nini jana. Wengi wananidanganya, aibu tu. Nakwambia wewe peke yako: nikifika nyumbani nalia na sijui nalilia nini.

Karatasi zimeniishia, hii nimeichomoa kwenye rundo la fomu zilizoharibika. Usinicheke.

Mwanao


Tarehe 19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti ni yale yale. Barua yako niliisoma, nikaigeuza. Kumbe nyuma ni fomu ya mke wa kaka yako! Uzito wa mtoto umeshuka miezi mitatu mfululizo. Halafu chini: "Mume hana kazi, anakunywa. Mama anaomba ndugu wa mume wasiambiwe."

Mimi nimekuwa mtu baki lini? Ukubwa jalala, nikapanda basi. Nimemkalisha kaka yako chini, nikamsomea yote mbele ya mkewe. Nadhani yamemwingia.

Mama yako


Tarehe 2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumai wewe u mzima, mimi siwezi kusema hivyo. Fomu ile haikuwa imeharibika. Niliichomoa bila kuitazama, kwa uchovu. Na yale sikukwambia kwa sababu hayakuwa yangu kuyasema.

Wifi hajaja kliniki Jumanne tatu. Nilimfuata kwake, akanijibu akiwa mlangoni: "Nilimwambia mtu wa kliniki, nikasomewa na mama mkwe." Mtoto alikuwa mgongoni, amekonda, sikuruhusiwa hata kumshika mkono. Nimejieleza kwa mkuu wangu. Ameniondoa kwenye mafaili, sasa nafua vitambaa vya kutandika kwenye mizani.

Maji yameshamwagika, lakini kuna hili moja. Wifi amempeleka mtoto kliniki ya ng'ambo ya mji, nao wameomba faili lake. Ukurasa uliokosekana ni huo ulio nao. Bila huo hawaoni uzito ulivyoshuka, wanaanza kumpima upya mwezi mzima kabla ya kumpa chakula cha dawa. Mwezi hana, mama. Nirudishie, na usimwonyeshe mtu.

Mwanao


Tarehe 5 Aprili

Mwanangu,

Karatasi nimeileta mwenyewe, nimemwachia mlinzi wa kliniki yenu ikiwa ndani ya bahasha mbili. Sikuingia. Benchi lilikuwa limejaa kina mama, nikaona haya, kama vile nimekuja kusikiliza.

Jana nilipotaka kuifunga nikakumbuka barua yako iko upande wa pili. Nikawaza watu wa kliniki ile nyingine wakisoma kwamba mwanangu akifika nyumbani analia. Roho ikaniuma. Nikachukua kalamu nikaanza kupaka wino juu ya maneno yako, polepole, usipenye kwenye namba za mtoto.

Nilipaka mistari miwili tu, nikaweka kalamu chini. Mke wa kaka yako hakuwa na mtu wa kumfichia yake kwa wino.

Ukimwona, usimwambie nimeomba radhi. Nitakwenda mwenyewe, nisimame hapo mlangoni mpaka aseme niondoke.

Mama yako